Gari la Baba Chini ya Mparachichi

Wanunuzi wa mbali wanaokuja kwa njia ya simu wamelibadili soko la magari ya zamani katika Embu na Meru. Mwandishi wetu aeleza yaliyomkuta nyumbani kwao.

Wasomaji wa ukurasa huu watanisamehe nikianza na habari za nyumbani kwetu, maana jambo nitakalolisimulia leo lilinifika mlangoni kabla sijalitafuta.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2024, baada ya ibada. Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na minne, alitoa simu yake mfukoni akalipiga picha gari kuukuu la marehemu baba, lililokuwa limeegeshwa chini ya mparachichi huko kwetu, ng'ambo kidogo ya mji wa Runyenjes. Alipiga picha nne tu. Moja ilionyesha uso wa gari, ya pili ubavu, ya tatu viti vya ndani, na ya nne kuku aliyekuwa akiatamia mayai yake penye kiti cha dereva. Akazitia katika mtandao na kuuliza, "Hili laweza kuwa na bei gani siku hizi?"

Kabla jua halijatua, watu kumi na saba walikuwa wamempigia simu. Mmoja alikuwa Eldoret, wawili Mombasa, wengi wao Nairobi, na mmoja akasema yeye ni Mkenya afanyaye kazi Doha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama gari lauzwa. Wote waliuliza bei.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, lile la mgongo mrefu lenye safu tatu za viti. Watu wa kwetu huliita "Pijo". Halikuwa limetembea tangu baba alipofariki mwaka 2009. Nasi nyumbani tulikuwa tukijua bei yake kwa miaka kumi na mitano. Bei yake ilikuwa shilingi elfu themanini, na mnunuzi wake alikuwa anajulikana: ni fundi mzee wa pale sokoni, aliyelitunza gari hilo tangu mwaka 1986. Baba alimwahidi kwa kinywa chake, mbele ya mama, kwamba siku atakapoliacha, Fundi ndiye atakayelichukua kwa elfu themanini.

Jioni ile mpwa wangu alikuja kunionyesha simu yake. Mtu wa Doha alikuwa ametaja shilingi laki nne na elfu ishirini.

Bonasi ya kahawa

Ili msomaji aelewe kwa nini magari ya namna hii yamejaa katika maboma ya Embu na Meru, yafaa turudi nyuma kidogo.

Mwezi wa Julai, mwaka 1975, baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil. Kahawa ikawa haba ulimwenguni, na bei yake ikapanda mpaka ikafika kilele mwaka 1977. Mkulima wa Runyenjes, wa Chuka au wa Nkubu, ambaye hakupata kuiona Brazil hata kwenye ramani, alikwenda kwenye chama chake cha ushirika akapokea malipo ambayo babake hakuyaota. Wengine walijenga nyumba za mawe. Wengine walioa mke wa pili. Na wengine, baba yangu akiwa mmoja wao, walinunua gari.

Kwa nini Peugeot? Sababu moja ilipita mbele ya macho yetu kila Pasaka. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa zikiuzunguka Mlima Kenya, na barabara ya Embu kwenda Meru, yenye kona zisizohesabika na mabonde ya mito ishukayo mlimani, ilikuwa mtihani mkubwa kwa madereva. Sisi watoto tulikuwa tukisimama juu ya kingo tukingoja tangu alfajiri, matope yakituruka mpaka kwenye nyusi. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa Peugeot 504 nyingine. Baadaye ikaja zamu ya Datsun, Shekhar Mehta aliposhinda mara nne mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Mkulima aliyekuwa akitazama hakuhitaji tangazo la gazeti. Alinunua kile alichokiona kikitoka katika tope kikiwa kizima.

Gari hilo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Lakini sifa yake kwetu haikutoka Ulaya. Ilitoka katika springi zake nne za nyuma, zilizobeba magunia ya mbegu, wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Chogoria, maharusi na majeneza bila kulalamika. Tena, kwa miaka mingi, lilikuwa likiunganishwa humu humu nchini, na vipuri vyake vilipatikana kila mji.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawa mafungu ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na magari yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kumiminika katika bandari ya Mombasa. Yalikuwa mepesi, yakinywa petroli kidogo. Pijo likawa gari la wazee. Moja baada ya jingine yakaegeshwa, yakawekewa mawe chini ya ekseli, na nyasi zikaota.

Soko la kujuana

Zamani gari kama hilo liliuzwaje? Mwenye kuuza aliandika neno "LAUZWA" kwenye karatasi akalibandika kwenye kioo, au alimdokezea dalali mjini Embu. Dalali naye alimleta mnunuzi, wakanywa chai hotelini, wakazunguka gari mara tatu, wakapiga teke magurudumu. Aliyetaka kuuza mbali kidogo alilipia tangazo dogo gazetini.

Soko hilo lilikuwa na jambo moja jema. Watu walijuana. Mnunuzi alijua kwamba gari lile lilipinduka pale mto Thuci, kwamba dereva wake alikuwa mlevi, au kwamba mwenyewe ni mtu wa kanisa ambaye hakuliendesha usiku. Historia ya gari ilitembea pamoja nalo.

Lakini tusilisifu kupita kiasi. Kujuana huko huko kulikuwa na ubaya wake. Dalali alijua pia kwamba mwezi wa Januari una karo ya shule. Mama mmoja jirani yetu, mjane, aliuza Land Rover ya marehemu mumewe mwaka 1998 kwa bei ya ng'ombe wawili, kwa sababu mtoto wake alikuwa ameitwa shule ya bweni naye hakuwa na pa kuuliza bei. Aliyeinunua aliiuza tena Nairobi baada ya wiki tatu. Bei aliyopata huko mama yule hakuisikia mpaka leo.

Na waliokosa hata dalali walimpata mnunuzi wa chuma chakavu, mwenye mizani yake. Yeye hakuuliza ni gari gani. Aliuliza kilo. Magari mengi yaliyopita katika tope la Pasaka yaliishia hapo, yakikatwa vipande kwa gesi.

Simu yaingia bomani

Mwaka 2007 M-Pesa ilianza, na mtu wa kijijini akazoea kupokea fedha kutoka kwa asiyemwona. Baadaye zikaja simu zenye kamera na intaneti. Matangazo ya vitu vilivyotumika yakahamia mtandaoni, kwanza OLX, ambayo biashara yake ya Kenya ilichukuliwa na Jiji mwaka 2019, kisha vikundi vya Facebook na vya WhatsApp ambamo watu huuziana Land Rover, Land Cruiser, Datsun na Volkswagen za kobe kama vile wengine wauzianavyo mbuzi.

Wanunuzi wenyewe ni akina nani? Nilipoanza kuzijibu simu zile badala ya mpwa wangu, niliwatambua wa aina tatu. Kuna watu wa makamo ambao baba zao walikuwa na gari hilo, nao wanaitafuta harufu ya viti vyake. Kuna vijana ambao hawakuliona likitembea, lakini wamependezwa na picha. Na kuna wafanyabiashara, ambao hununua kwa bei ya kijiji na kuuza kwa bei ya mjini, kazi ileile ya dalali wa zamani, ila sasa hawahitaji kunywa chai na mtu.

Kitu kingine kimeongeza hamu hiyo. Tangu mwaka 2003 zimekuwapo mbio za Safari za magari ya zamani, na mwaka 2021 Safari yenyewe ilirudi katika ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Picha za kale zikatolewa makabatini.

Tena magari haya hayaongezeki. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Kwa hiyo atakaye Pijo la mwaka 1977 hawezi kuliagiza Japani wala Ufaransa. Itambidi alitafute pale lilipo, nako ni chini ya miti katika maboma ya wakulima wa kahawa. Hiyo ndiyo sababu simu ya mtu wa Doha ililia Runyenjes.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Kule Marekani mnada wa eBay ulifunguliwa mwaka 1995, na baadaye ukaja mtandao uitwao Bring a Trailer, ulioanza mwaka 2007 na kuanzisha minada yake mwaka 2014. Watu wa huko hununua gari la fahari bila kuligusa, kwa kutazama picha mia na zaidi. Lakini huko kuna jambo ambalo sisi hatuna. Mnada ukiisha, bei iliyofikiwa hubaki wazi, na kila mtu aweza kuisoma. Kwetu sisi huonekana bei inayoombwa tu. Iliyolipwa hubaki siri ya watu wawili. Basi kijiji kizima husoma bei za kuombwa na kuzishika kama kwamba ni bei za soko. Tofauti hiyo ndogo imeleta ugomvi katika nyumba nyingi, na ilikaribia kuuleta katika yetu.

Safari ya Meru

Kaka yangu mkubwa alisema tumuuzie mtu wa Doha mara moja. Dada yangu alisema tungoje, maana ameona Pijo jingine mtandaoni likiombewa milioni moja. Mama hakusema lolote. Mimi nikaamua kwenda Meru kumwona bwana mmoja ambaye watu walinielekeza kwake, anayeishi kwa kununua na kuuza magari ya zamani.

Nilipanda matatu asubuhi. Tulivuka Thuci, tukapita Chuka, tukateremka kwa hadhari katika daraja la Nithi ambalo limemeza roho nyingi, tukapanda tena mpaka Nkubu na Meru. Njiani nilihesabu magari yaliyoegeshwa chini ya miti. Nilipokuwa mtoto nilihesabu yanayotembea.

Bwana huyo nilimkuta katika uwanja wake nyuma ya mji. Alikuwa na Land Cruiser moja ya miaka ya 1970, pikapu ya Datsun 1200 na Volkswagen ya kobe isiyo na injini. Nilimweleza habari ya milioni moja, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Mzee wangu," akaniambia, "bei ya kwenye simu ni bei ya kutamani. Hilo gari la milioni lina miezi minane likiombewa milioni. Lingekuwa la milioni lingekuwa limekwenda."

Nilimwuliza yeye ananunuaje magari ya mbali bila kudanganywa. Akanionyesha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Penye bati la kweli sumaku hushika. Penye kutu iliyozibwa kwa dawa na kupakwa rangi, huanguka. "Lakini sumaku haiwezi kupita katika simu," akasema. "Picha hupigwa upande mzuri. Kwa hiyo mimi sikupigii wewe mwenye gari. Namtafuta fundi aliyelitengeneza. Mwenye gari hujua analolipenda, fundi hujua analoumwa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo.

Fundi na daftari lake

Kumbe wakati nikiwa Meru, Fundi alikuwa amekwisha kusikia habari. Katika kijiji chenye simu hakuna siri. Alikuja jioni ile kwa baiskeli, akaketi na mama kwenye benchi ya nje. Mama alitangulia kusema, kabla sisi watoto hatujafungua midomo.

"Baba yenu aliyasema maneno yale mimi nikiwa hapa nilipokaa. Kwanza aulizwe Fundi."

Basi tukamwuliza. Kama anataka, alichukue kwa elfu themanini, na mtu wa Doha atafute jingine. Kaka yangu aliinamisha kichwa asionekane uso.

Fundi alikaa kimya kitambo. Kisha akatueleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Alisema elfu themanini angeweza kuzitafuta, angeuza ndama na kukopa kidogo katika chama. Shida si kununua. Zamani Pijo likikosa kioo, alikwenda kwa mtu mwenye Pijo lililokufa akakipata kwa shilingi mia tano na asante. Siku hizi kila mwenye gari bovu ameona picha mtandaoni. Hakuna auzaye mlango wala taa wala kabureta, kila mmoja anangoja mtu wa Nairobi aje na laki. "Hata mkinipa bure," akasema, "nitakuwa na gari ambalo siwezi kulitengeneza. Mimi, fundi wa Pijo!"

Hakulia wala hakukasirika. Aliomba tu kwamba, likienda, liende kwa mtu atakayelitembeza.

Wiki mbili baadaye alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi ambaye kwa simu alikuwa ametaja laki tatu. Mtu wa Doha tulikuwa tumemwacha, kwa sababu alitaka gari lichukuliwe na mtu asiyemtaja jina, na hati zifuate baadaye. Bwana wa Nairobi alikuja mwenyewe, na tochi, na sumaku yake iliyofungwa kitambaa. Alilala chali chini ya gari kwa suti yake ya Jumamosi. Kisha akainuka akauliza swali lilelile la Meru.

"Nani alikuwa akilitunza?"

Fundi alikuwa amesimama kando. Akatoa ndani ya mfuko wa plastiki daftari la shule, lenye majalada yaliyochakaa. Mlikuwa na kila kitu alichokitenda tangu 1986: tarehe, kilomita, kipuri, na kilikotoka. Gia zilizobadilishwa. Kichwa cha injini kilichopelekwa kusawazishwa Embu. Na baada ya 2009, mstari mmoja kila miezi mitatu: "Nimezungusha injini kwa mkono. Nimetia oili." Miaka kumi na mitano alikuwa akija kuizungusha injini ile isigande, wala hatukuwa tumemlipa hata senti. Mimi mwenyewe sikujua. Mama alijua.

Kisha Fundi akasema yale ambayo mpwa wangu angetaka asiyaseme. Akamwambia mnunuzi kwamba sakafu ya nyuma, upande wa kushoto, imeoza, na kwamba zulia linaficha tundu la kupitisha ngumi. Akainua zulia amwonyeshe. Mpwa wangu alinitazama kama kwamba nyumba inawaka moto.

Bwana yule alilitazama tundu, akalitazama daftari, akafikiri. Halafu akasema atalipa laki tatu zile zile alizozitaja. Alieleza kwamba ameshanunua magari mawili kwa picha, na yote mawili yalikuwa na rangi nzuri na uongo chini yake. Tundu analolijua lina bei. Asilolijua ndilo lililomtia hasara.

Kugawana

Usiku ule tulikaa kikao cha familia. Kaka yangu alisema gari ni la marehemu, na mirathi ni ya watoto na mama. Kisheria alikuwa na haki, na hati za kusimamia mirathi zina jina la mama. Mama akasema basi kwa kuwa zina jina lake, atasema yeye. Katika zile laki tatu Fundi apewe elfu themanini.

"Ndiyo bei aliyoahidiwa," kaka akasema, "lakini aliahidiwa kuilipa, si kulipwa!"

"Amekwisha kuilipa," mama akajibu. Kikao kikaisha.

Siku ya kulichukua ilikuja lori, wakalipakia kwa nyororo. Watoto wa jirani walikusanyika kama sisi tulivyokuwa tukikusanyika siku za Safari. Fundi alipokea fedha zake, akazihesabu, akashukuru. Nilipomsindikiza njiani nikamwambia kwamba nafurahi haki imetendeka. Akanijibu kwa upole, "Mmenitendea vizuri, kijana wangu. Ila mimi nilitaka gari."

Sijapata la kumjibu mpaka leo.

Yafaayo kuangaliwa

Kwa kuwa najua wasomaji wengi wa Embu, Tharaka Nithi na Meru wana gari la namna hii nyuma ya nyumba, nitaje machache niliyojifunza, huenda yakawafaa.

Kwanza, angalieni jina lililo katika kitabu cha gari. Likiwa ni la marehemu, gari haliwezi kuhamishwa kwa mnunuzi mpaka familia ipate mahakamani hati za kusimamia mirathi. Siku hizi uhamisho hufanywa kwa mtandao wa serikali, na lazima pande zote mbili, mwuzaji na mnunuzi, zikubali. Wanaouza kwa karatasi ya mkono tu huweza kuhesabiwa bado kuwa wenye gari kisheria, hata likigonga mtu Kisumu.

Pili, msiandame bei inayoombwa. Ulizeni iliyolipwa. Mtu akiwaambia Pijo fulani ni la milioni moja, mwulizeni limekaa siku ngapi likiombewa hizo.

Tatu, msikubali gari liondoke kabla fedha hazijafika na kuonekana, wala nanyi msitume malipo ya kushikilia gari ambalo hamjaliona, hata picha zikiwa tamu namna gani. Mwenye haraka sana kwenye simu mara nyingi ana sababu.

Nne, na hili ndilo kubwa, msimsahau fundi. Mnunuzi wa mbali hana jirani wa kumwuliza, hakuliona gari likipita sokoni, hajui lilipopinduka. Simu imemletea picha, haikumletea uaminifu. Uaminifu huo bado uko mahali ulipokuwa, mikononi mwa mtu mwenye oili kwenye kucha, na kama una bei sasa, ni haki naye apate sehemu yake. Fundi wetu ameanza kulitambua hilo. Watu wa Nairobi humpigia wakimwomba aende akatazame gari fulani Kanja au Chuka kabla hawajatuma fedha, nao humlipa kwa safari hiyo. Huenda na baiskeli yake mpaka stendi, kisha matatu. Sumaku nimempelekea mimi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja kwa njia ambayo wahenga hawakuiona. Mjane wa leo hawezi tena kuuza Land Rover kwa bei ya ng'ombe wawili bila kujua, na hilo ni jambo jema lisilo na ubishi. Paa la nyumba ya mama limebadilishwa mabati, na hilo pia ni jema. Lakini magari yaliyonunuliwa kwa kahawa ya hapa, yaliyotengenezwa na mafundi wa hapa katika barabara za hapa, yanapanda lori moja moja kwenda kung'arishwa Nairobi, na wale walioyafanya yadumu hawawezi tena kuyanunua.

Chini ya mparachichi pamebaki mistatili minne ya udongo mkavu, pale palipokuwa na mawe. Kuku bado huenda kutaga pale.